Neno Ambalo Halikuwa Kwenye Karatasi

Mkurugenzi hakuwa hata amemaliza sentensi, Bi Mada akawa ameshanyoosha mkono.

"Historia naichukua mimi."

Watu saba waliokuwa wameizunguka meza ya chumba cha habari waligeuka kumtazama. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Ijumaa ya wiki hiyohiyo redio ilikuwa inatimiza miaka thelathini na mitano. Kazi zilikuwa zinagawanywa: huyu salamu za wasikilizaji, yule wageni, mwingine viti na maturubai. Kipindi cha historia, saa nzima hewani moja kwa moja, ndicho kilichokuwa bado hakina mwenyewe. Kilikuwa na kazi nyingi na sifa kidogo.

"Wewe una kipindi kila siku," Mkurugenzi alisema. "Utaweza?"

"Nitaweza, dada."

Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Akaivua. "Mdogo wangu, nataka historia. Sitaki kesi."

Wawili watatu walicheka kidogo, kisha wakainamia madaftari yao. Hakuna aliyeuliza kesi gani.

Redio hiyo ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati na misumari, na mteja akiangusha bati chini, wasikilizaji wa mkoa mzima walilisikia. Ilikuwa redio ya habari na mazungumzo tu. Muziki haikupiga. Ilipoanza haikuwa na sahani hata moja ya muziki, na ilipokuja kuzipata, wasikilizaji walikuwa wameshazoea kusikia watu wakisema. Ilianza na vyumba viwili, maikrofoni moja, na kuta zilizobandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Ilitangaza vifo, mikutano ya shule, barabara zilizokatika, ng'ombe waliopotea. Mtu aliyepotelewa na mbuzi alikwenda redioni kwanza, polisi baadaye. Simu zilipoingia mjini, watu wakaanza kupiga na kubishana hewani, na ubishi huo haujaisha mpaka leo. Bi Mada ndiye aliyeusimamia kila asubuhi kuanzia saa nne, na jina hilo alilipata kwa sababu kila siku alifungua kwa maneno yaleyale: "Mada ya leo."

Lakini katika miaka ile ya mwanzo, kitu kikubwa kilikuwa taarifa ya habari ya jioni, saa moja kamili, na aliyeisoma alikuwa mtu mmoja tu. Watu walimwita Saa Moja. Wenye saa walizirekebisha kwa sauti yake, na wasio na saa walibandika sufuria jikoni. Huyo Saa Moja ndiye baba yake Bi Mada.

Redio ilipokuwa na miaka minne, jioni moja ya masika, Saa Moja alisoma kwamba bwawa lililoko juu ya mji limepasuka. Watu wa mabondeni wakakimbia. Daraja la kutokea bondeni lilikuwa jembamba, watu walikuwa mamia, na hapo darajani wakakanyagana. Walikufa watatu: mama aliyekuwa akiuza mikate, mzee wa miaka sabini na kitu, na binti wa darasa la sita. Bwawa halikuwa limepasuka. Lilikuwa zima, limejaa maji, na bata wanaogelea juu yake.

Kesho yake Saa Moja alifukuzwa kazi. Akajifunza ufundi bomba, na kwa mabomba ndiko alikowasomeshea watoto wake.

Nyumbani hadithi hii ilikuwa na maelezo yake. Mama ndiye aliyeyatoa, kila mara kwa maneno yaleyale, kama mtu anayesoma dua. Kwamba taarifa ile aliiandika mhariri wa zamu, mtu aliyeitwa Kalamu Nyekundu. Kwamba mambo yalipoharibika alijitoa, akamwachia mwenzake mzigo. "Baba yenu alitolewa kafara," Mama alisema. "Yeye alisoma alichopewa. Mbeba barua anauawa kwa sababu ya barua?" Kalamu Nyekundu alipofariki, miaka kumi iliyopita, mji mzima ulikwenda kuzika. Mama alifunga mlango, akashusha mapazia yote ya nyumba na kuyafua. Saa Moja alikwenda mazishini peke yake.

Bi Mada alikuwa na miezi tisa wakati watu wanakanyagana darajani. Alipoomba kazi redioni, akiwa na miaka ishirini na minne, watu walisema maji hufuata mkondo. Yeye mwenyewe alijua kinachomvuta. Mahali fulani ndani ya jengo lile kulikuwa na tepu ya jioni ile na karatasi aliyopewa baba yake, na siku moja angeziweka mbele ya watu.

*

Jumatatu hiyohiyo alasiri aliwapitia wazazi wake. Hakukaa. Alizungumza huku akizungukazunguka sebuleni, akinyanyua vitu na kuvirudisha mahali pake.

"Wamenipa historia, Mama. Saa nzima."

Mama aliacha kuchambua mchele. "Alhamdulillahi. Nilijua sitakufa kabla ya siku hii. Mseme yule mtu, mwanangu. Msema kweli hana mzigo."

Saa Moja alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alikuwa na miaka sitini na minne, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu ya spana. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata mezani goti lake lilicheza.

"Liache hilo," alisema.

"Baba, miaka thelathini na moja watu wanakuonyesha kidole."

"Hawanionyeshi. Wengi walishasahau, na wasiosahau wanaomba niwazibulie sinki. Liache, mwanangu."

"Siwezi."

Baba akainuka, akachukua mkoba wake wa vifaa na kutoka. Walimsikia kule nje akilifungua bomba la uani lililokuwa halina tatizo lolote, akilifunga, akilifungua tena.

*

Tepu za zamani zilikuwa chini ya mamlaka ya Fundi Waya. Huyu alikuwa mtumishi pekee aliyebaki tangu siku ya kwanza, mzee mwembamba aliyetembea na bisibisi tatu mfukoni na kipande cha waya shingoni kama vile daktari na kipimo chake. Jumanne asubuhi Bi Mada alimfuata, akaambiwa mashine ya kusikilizia tepu ni mbovu. Mchana alirudi, akaambiwa mashine imepona lakini ufunguo wa kabati haujulikani uliko. Jioni ufunguo ulikuwa umepatikana, lakini Fundi mwenyewe hakuonekana.

Siku nzima ile alikuwa akipanda na kushuka ngazi. Alizungumza na mama aliyepokea simu ya kwanza ya redio, na mchungaji wa ng'ombe ambaye ng'ombe wake watano walipatikana kwa tangazo moja, na mwalimu mstaafu aliyewahi kupiga simu kila siku kwa miaka sita mpaka mkewe akapiga simu na yeye, hewani, akiuliza kama redio inaweza kumrudishia mumewe. Alirekodi yote, akacheka panapochekesha. Lakini mguu mmoja ulikuwa mlangoni muda wote. Chakula cha mchana alikila amesimama, na hakumbuki kilikuwa chakula gani.

Jumatano saa moja na nusu asubuhi alimkuta Fundi Waya kwenye ngazi, kabla hajaingia kujificha.

"Fundi, leo hunikimbii."

"Nani anakukimbia? Mimi na magoti haya?"

"Tepu ya jioni ya bwawa. Ipo au haipo?"

Mzee yule akamtazama muda mrefu. "Baba yako amekutuma?"

"Baba hataki hata nililitaje."

"Basi baba yako ana akili kuliko wewe." Akapanda ngazi mbili, akasimama. "Ukishasikia kitu, mwanangu, huwezi kukitapika. Unajua hilo?"

"Nipe tu, Fundi."

Kwenye chumba cha tepu alipanda juu ya kiti. Hakutafuta. Aliuingiza mkono nyuma ya rafu ya juu kabisa, akatoa boksi la bati lililofungwa kwa waya, akaufungua waya kwa koleo. Ndani mlikuwa na tepu moja, na juu yake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Alinipa Kalamu Nyekundu kwa mkono wake," alisema. "Aliniambia niiweke mahali ambapo tume ya uchunguzi haitafika. Hakuniambia niichome. Alisema mwandishi hachomi karatasi."

Bi Mada aliichukua karatasi. Ndiyo hii, alijisemea. Alificha ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akaikunjua karatasi. Ilikuwa imepigwa kwa taipureta, na pembeni kulikuwa na sahihi ya wino mwekundu.

*Wataalamu wa maji wamesema ukuta wa bwawa umeonekana kuwa na nyufa. Wananchi waishio mabondeni wanashauriwa kujiandaa kuhama endapo mvua zitaendelea kunyesha.*

Aliisoma mara ya pili. Akaigeuza nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Iwashe mashine, Fundi."

Spuli zikazunguka. Kwanza mkwaruzo, kisha sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika maisha yake, sauti nzito, changa, yenye utulivu, ambayo bado ilikuwa ya baba yake. Ilisoma habari ya mkutano wa walimu. Ilisoma habari ya bei ya mbolea. Kisha ikanyamaza. Ukimya huo ulikuwa mrefu kuliko mtangazaji yeyote anavyoruhusiwa. Halafu:

"Bwawa limepasuka. Wananchi wa mabondeni, ondokeni. Ondokeni sasa hivi."

Fundi Waya akaizima mashine. Bi Mada alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Rudisha nyuma," alisema.

"Hata nikiirudisha mara kumi, mwanangu, atasema hivyohivyo."

*

Saa nne alikuwa hewani. Mada ya leo ilikuwa taka zinazotupwa nyuma ya soko. Alimkatia simu mwenyekiti wa soko akidhani ni muuza nyanya, akamwita muuza nyanya mheshimiwa, na katikati ya hoja ya msikilizaji alitazama ile maikrofoni ya kisasa mbele yake na kusahau kabisa swali alilotaka kuuliza. Kwa sekunde nne hivi redio nzima ilikuwa kimya. Mtu wa mitambo akagonga kioo.

Kipindi kilipokwisha hakuaga mtu. Alitembea mpaka kwa wazazi wake kwa miguu, mwendo wa karibu saa nzima, kwa sababu hakuweza kufikiria kukaa kwenye kiti chochote.

Baba yake alikuwa uani akikata nyuzi za bomba lililobanwa kwenye jiliwa. Bi Mada akaiweka karatasi juu ya benchi, katikati ya vumbi la chuma.

Saa Moja aliiangalia bila kuigusa. Mikono yake ikatulia. Mpaka wakati huo Bi Mada hakuwa amewahi kuiona imetulia.

"Kumbe hakuichoma," alisema.

"Baba, uliteleza?"

"Ningeweza kukwambia niliteleza. Miaka mingi nimejaribu kujiambia hivyo usiku na mchana." Akaifuta mikono kwenye suruali. "Sikuteleza. Niliisoma ile karatasi mara tatu kabla ya taa nyekundu kuwaka. 'Nyufa.' 'Wajiandae.' Nikajiuliza, ni nani amewahi kuhama nyumba yake kwa sababu ya ufa? Nilikuwa nawajua watu. Kila siku nawaambia barabara imekatika, kila siku wanapita hukohuko. Na sisi tulikuwa bondeni, nyumba ya nne kutoka mtoni. Mama yako alikuwa nyumbani, na wewe mgongoni kwake. Nikaona, nikisema nyufa, atasema, 'Haya, kesho.' Taa ikawaka. Nikatafuta neno ambalo lingemtoa ndani ya nyumba."

"Na ulilipata."

"Nililipata."

Nyuma yao kitu kilianguka kwa kishindo. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na ndoo aliyokuwa ameibeba ilikuwa inabingirika uani, maji yakitawanyika.

"Mimi sikuisikia hata," alisema.

Akamgeukia mumewe.

"Hiyo habari yako. Sikuisikia. Betri za redio zilikuwa zimekwisha tangu juzi yake, na nilikuambia ulete nyingine, ukasahau." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayekumbuka bei ya sukari. "Nilikuwa nakunja nepi."

"Najua," Saa Moja alisema. "Nilikuja mbio nikakukuta unakunja nepi."

"Na Kalamu Nyekundu?"

"Kalamu Nyekundu aliandika ukweli. Tume ilipomuuliza karatasi iko wapi, alisema imepotea. Akasema kosa ni la ofisi. Angewapa hiyo karatasi, ningefungwa. Aliniambia, 'Una mtoto mchanga. Nenda nyumbani, na usije kunishukuru.' Hakupandishwa cheo tena mpaka anastaafu."

"Na mimi nikamtemea mate." Sasa sauti ilipanda. "Njiani, mbele ya mke wake! Miaka ishirini na moja, Mzee! Ulinisikia kila siku namlaani mtu wa watu, ukala chakula changu, ukanyamaza! Mpaka anakwenda kaburini mimi nafua mapazia!"

"Nilishindwa."

"Ulishindwa nini? Mdomo wa kuuambia mji mzima uongo ulikuwa nao! Wa kuniambia mimi ukweli ukaukosa?"

Aliiacha ndoo hapohapo ilipo. Alijitanda khanga, akapita katikati yao na kutoka kwa lango, na walimwona akienda mwendo wa mtu aliyechelewa, ingawa upande ule aliokuwa anaelekea hakuwa na ndugu wala rafiki.

*

Alhamisi, kabla ya saa mbili asubuhi, Bi Mada alikuwa mbele ya meza ya Mkurugenzi. Alimsikilizisha tepu. Alimpa karatasi. Alitarajia kuambiwa arudishe vyote kwenye boksi, na sehemu yake moja ilikuwa inaomba iwe hivyo.

"Nimesema sitaki kesi," Mkurugenzi alisema, akavua miwani.

"Niondoe kwenye kipindi, dada. Mpe mwingine."

"Nikikuondoa, huyo mwingine atasema nini akifika mwaka wa nne? Ataruka?" Aliifuta miwani kwa upande wa gauni, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kila asubuhi tunawapigia wakubwa simu tunawauliza kwa nini wameficha hili na lile. Sisi tukificha letu, Jumatatu utamuuliza nani swali? Watatuletea barua ya onyo, nitaijibu. Lakini sitaki mtu asomewe makosa yake na mtoto wake mwenyewe. Kama yatasemwa, aseme yeye."

Bi Mada alimpigia baba yake simu akiwa bado kwenye ngazi. Alijiandaa kwa "liache." Badala yake Saa Moja akasema, "Nitakuja. Lakini wale watu wasilisikie redioni. Mara ya kwanza walilisikia redioni."

Ndiyo maana Alhamisi hiyo baba na binti walishuka bondeni pamoja.

Kwa yule mzee aliyekufa walimkuta mjukuu wake, mwanamume mnene, mcheshi, anayekodisha viti vya harusi. Aliwasikiliza, akampiga Saa Moja begani. "Babu alikuwa ameshakula chumvi nyingi. Sisi tulishasamehe zamani, mzee wangu, hata sijui tulikuwa tunamsamehe nani. Karibuni chai." Walikunywa chai. Walipotoka Saa Moja alitangulia mbele. "Bora angenitukana," alisema.

Binti ya muuza mikate alikuwa mshonaji, na chumba chake cha kazi kilitazamana na daraja. Alikuwa na pini mdomoni walipoanza kuzungumza, na hakuzitoa. Cherehani yake ilisimama pale Saa Moja aliposema neno *makusudi*. Alizitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye mto mdogo.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja," alisema. "Alikuwa amenishika mkono huu. Watu waliniinua juu, wakanipitisha juu ya vichwa vyao. Yeye alibaki chini." Akamtazama Saa Moja. "Siku zote nilidhani mama alikufa kwa sababu ya mtu mjinga. Kumbe ni mtu mwoga. Sijui ipi nafuu. Wewe unajua?"

"Sijui, mama."

"Usiniite mama."

"Samahani."

"Wewe mkeo alipona?"

"Alipona."

"Na mtoto?"

Saa Moja akamtazama binti yake. Mshonaji akamgeukia Bi Mada, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, polepole, kama vile anampima nguo. Bi Mada alitamani kuomba radhi, lakini hakujua mtu anaombaje radhi kwa kuwa hai.

Mwishowe mshonaji alichukua chaki, akaandika kwenye kipande cha kitambaa. "Mliposoma majina ya waliokufa, la mama mlilikosea. Jirani zangu wengine bado wanalisema hivyo mlivyokosea. Kesho lisomeni hivi." Akaunyoosha mkono na kitambaa. "Kusamehe usiniombe. Sikiliza, hilo usiniombe."

Familia ya yule binti wa darasa la sita ilikuwa imehama miaka mingi. Jirani mmoja alikuwa na namba ya kaka yake. Iliita bila kupokelewa.

*

Ijumaa saa nne studio ilikuwa imejaa. Saa Moja aliingia, akaziangalia kuta zilizokuwa sasa na sponji nyeusi, akasema hapo zamani palikuwa na mayai, mtu mmoja akacheka kwa woga. Fundi Waya mwenyewe ndiye aliyeirekebisha maikrofoni ifike usawa wa kidevu chake, kwa sababu alikataa kukaa.

Bi Mada alisimulia ng'ombe watano, mwalimu na mkewe, simu ya kwanza. Kisha akasema, "Mwaka wa nne," na kumpisha baba yake.

Saa Moja hakuwa na karatasi. Alisema alichopewa asome, alisema alichosoma, alisema kwa nini. Alisema Kalamu Nyekundu hakuwa na kosa. Alitaja majina matatu ya waliokufa, na la pili alilitaja akitazama kitambaa mkononi mwake. Yote hayakuzidi dakika sita. Alipomaliza jasho lilikuwa limelowanisha mgongo wa shati lake lote.

Taa za simu zote zikawaka. Wa kwanza alitaka mzee akamatwe hapohapo studio. Wa pili alisema jioni ile alikimbia akaacha mlango wazi na kuibiwa godoro, je, hilo nani ataliombea radhi? Wa tatu alilia tu. Wa nne alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, aliyesema kwamba anaishi bondeni na ana wajukuu wawili.

"Mimi nina swali moja," alisema. "Hiyo karatasi ilisema kuna nyufa. Huyu mzee aliongeza neno, sawa, tumemsikia. Nyufa zenyewe ziliishia wapi? Nani aliziziba?"

Bi Mada alimtazama Mkurugenzi nyuma ya kioo. Mkurugenzi alimtazama Fundi Waya. Kwa miaka thelathini na moja mji ulikuwa umebishana juu ya neno moja, nani aliliandika na nani alilisema, na hakuna mtu aliyekuwa ameuliza juu ya lile jingine.

"Sijui, mama," Bi Mada alisema hewani. "Nitauliza."

Jumatatu yake alikwenda kwenye ofisi ya bwawa na kinasa sauti. Aliambiwa kila kitu kiko salama. Aliomba kuona ripoti, akaambiwa mwenye ripoti yuko safarini. Basi kila asubuhi, saa nne, kabla ya mada ya leo, alisema hewani kwamba ni siku ya tatu, ya kumi, ya ishirini na mbili, na ripoti bado haijaonekana. Barua ya onyo ilikuja, Mkurugenzi akaijibu. Wasikilizaji wengine walichoka wakasema redio imerogwa na bwawa. Siku ya arobaini na moja wahandisi walionekana wakining'inia kwa kamba kwenye ukuta. Walikuta nyufa tatu, mmojawapo unaingia kiganja. Maji yalipunguzwa, kazi ya kuziba ikaanza. Daraja lenyewe bado ni lilelile jembamba, na hilo nalo lina siku zake zinazohesabiwa hewani.

Mama alikwenda kwa mjane wa Kalamu Nyekundu, miaka kumi baada ya mazishi. Alikataa kusindikizwa. Mjane alimkaribisha, akamwacha aseme yote, kisha akamwambia kwamba mumewe alijua atakuja siku moja, ila alidhani angewahi kidogo. Sasa Mama huenda huko kila wiki, na akirudi humsemesha Saa Moja kwa yale ya lazima tu: chumvi imekwisha, paa linavuja, mtu wa bomba la mtaa wa pili amekuja kukutafuta. Mara moja moja husahau hasira zake na kucheka, kisha hukumbuka.

Kaka wa yule binti wa darasa la sita alipiga simu mwezi wa tatu baada ya kipindi. Yuko mji wa mbali, alikuwa amesimuliwa na mtu. Hakugomba. Aliuliza tu kama Saa Moja anaweza kufika, kwa kuwa mama yao bado yu hai, ni mzee sana, na anataka kumwona aliyesema. Saa Moja aliondoka alfajiri ya siku iliyofuata bila kuchukua hata sweta.

Alirudi baada ya siku mbili. Bi Mada alimpokea kituoni, wakatembea mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa anangoja. Saa Moja alisema kule mvua imeanza mapema. Alisema yule mama haoni tena, alimpapasa uso. Kilichosemwa baada ya hapo hakukieleza, na mpaka leo hajakieleza. Aliingia ndani, akamsalimu mkewe, akachukua mkoba wake wa vifaa, na kutoka kwenda mtaa wa pili, ambako mtu mmoja alikuwa anamngoja tangu juzi na maji yamejaa jikoni.